Iweke Pembeni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Obbo amerudi kutoka Mombasa. Mvua nilikuwa naingoja.

Daftari hili ni la vipimo vya milango na vitanda. Leo naandika mengine kwa sababu nikimwambia mke wangu atasema nina wivu, na mimi sina wivu. Miaka tisa mtu hajatuma hata salamu, kisha anashuka na mabegi mawili na sanduku moja refu, na Busia nzima inauliza ndani kuna nini. Ndani kuna spika. Mimi pia natengeneza spika. Masanduku ya spika kwenye baa zote kuanzia hapa mpaka Tiira yametoka mikononi mwangu, na hakuna siku mtu aliniuliza ndani kuna nini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Milango miwili. Wateja wawili, na wote wawili wamenisimulia habari za spika ya Obbo.

Jumapili, 9 Machi

Nimeisikia.

Tulikwenda Petta, mimi na mke wangu, Mama Sandra, nyumbani kwa marehemu baba yake Obbo. Sebule ilijaa majirani. Sanduku lenyewe ni jembamba, urefu unanifika kifuani, na mbele lina spika moja tu, ndogo kama kisahani cha chai. Nikacheka moyoni. Hiki ndicho kilichobebwa safari yote ile? Obbo akalisukuma mpaka kwenye kona ya ukuta, nikadhani anawapisha wageni, akaliunganisha na redio ndogo ya betri ya sola, akaweka wimbo wa kwaya.

Lo! Mwimbaji alivuta pumzi kabla ya kuanza, na nusu ya watu wakageuka kuangalia mlangoni nani ameingia. Sauti ya redio ilikuwa chini kabisa. Watu waliongea na bado kila neno la wimbo lilisikika, na besi ilitembea sakafuni mpaka nikaihisi kwenye nyayo. Kutoka kwenye kisahani cha chai!

Obbo akaeleza, kwa hicho Kiswahili chake cha pwani cha kunyoosha: "Ndugu zangu, hii ni spika ya tarumbeta. Sauti ya nyuma tunaipitisha njia ndefu iliyokunjwa humu ndani. Inaanzia kooni, nyembamba, inapanuka, inapanuka, mpaka inatokea mdomoni, huku chini. Si unaweka viganja mdomoni ukitaka kumwita mtu ng'ambo ya mto? Ni hivyo hivyo. Ndiyo maana haitaki nguvu nyingi."

Mama Sandra akanigeukia. "Baba Sandra, mbona zako hupiga kelele tu?"

Mbele ya watu! Nilitamani sakafu inimeze.

Na Mwalimu Apendi alikuwapo. Huyu ndiye aliyetufundisha kuimba, mimi na Obbo, tulipokuwa shule ya msingi Tororo. Siku moja mbele ya kwaya nzima alisema: "Obbo ana sikio. Egesa ana mikono." Alidhani ametusifu wote. Neno hilo nimelibeba miaka thelathini na moja. Mikono! Hata nyani ana mikono.

Sasa Mwalimu amestaafu. Kaseti za kwaya zake zote ziko kabatini kwake, na mwezi wa Januari aliniahidi kwamba mimi ndiye nitakayemtengenezea spika ya kuzisikilizia nyumbani. Leo alikaa kiti cha mbele, macho kafumba. Wimbo ulipokwisha akasema, "Kila mmoja wenu atengeneze yake. Mwisho wa Mei nitachagua moja, na hiyo ndiyo itakayoimba kwangu mpaka nife."

Nimerudi nyumbani nikakataa chai. Naitaka hiyo kazi. Nataka Mwalimu afute lile neno lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Jeneza nililotengeneza wiki jana limerudishwa. Wafiwa walinipa kipimo kwa simu, na marehemu kumbe alikuwa mrefu zaidi, wakaenda kununua lingine. Halikulaza mtu hata dakika moja, lakini wapi! Hakuna atakayelinunua. Mama Acen, anayeuza njugu mbele ya kibanda changu, amehamisha meza yake hatua kumi. Mbao zake ni mvule mkavu, mzuri ajabu.

Ijumaa, 14 Machi

Obbo ameniletea mchoro wa spika yake. Mwenyewe, bila kuombwa, na namba zote. "Chukua, ndugu yangu. Mwalimu achague kwa haki."

Nani anampa mpinzani wake panga lililonolewa? Lazima amebadilisha namba.

Jumamosi, 15 Machi

Namba hazijabadilishwa. Nilikwenda Petta nikijua Obbo yuko sokoni, nikamdanganya shangazi yake kwamba nimesahau kofia, nikapima sanduku lote kwa futi yangu. Zote sawasawa. Hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya tisa ya mvua mfululizo. Plaiwudi niliyonunua imevimba kama mkate uliolowekwa. Mbao za dukani zinatoa maji ukizikanyaga. Kitu pekee kilicho kikavu katika kibanda hiki ni jeneza.

Nimelibomoa baada ya Mama Acen kwenda zake. Mbao ni mbao. Nimezipiga randa mpaka hata mama yake mvule asingezitambua. Mama Sandra sijamwambia, na sitamwambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Gundi haikauki. Obbo amepata oda mbili Petta.

Jumatano, 9 Aprili

Oda tatu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani Obbo aliimba peke yake, ubeti mzima, na Mama Sandra akafuta machozi. Mimi nilikuwa naangalia paa, lile paa ambalo kenchi zake nilizipiga mimi.

Oda nne.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemaliza jana. Nikaisimamisha katikati ya kibanda, chini ya mabati, nikaiunganisha. Sauti za watu zilitoka safi, karibu kabisa, hata kidole kikigusa uzi wa gitaa unakisikia. Lakini besi hakuna. Imekauka kama koo la mgonjwa. Njia ya ndani niliikunja kwa kipimo kile kile, kila kiungo nimekipitisha kidole. Besi hakuna.

Leo saa nane Obbo akapita. Alikuja na pikipiki, dereva anamngoja barabarani, wingu jeusi limeshafika juu ya mpaka. Akazunguka sanduku langu. Akapitisha mkono kwenye viungo. Akainama akachungulia mdomo wa chini. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi la randa akasikiliza wimbo mzima, macho kafumba, kama Mwalimu.

"Kazi safi, Egesa. Hii mikono yako!" Tena mikono.

"Besi hakuna," nikasema. Ilinichoma kumwambia.

Mvua ikaanza kupiga mabati, nikawa namsikia nusu nusu. Dereva akapiga honi. Obbo akavuta koti kichwani, akacheka, akapaza sauti: "Iweke pembeni!"

"Nini?"

"Hiyo spika! Iweke pembeni tu, utaona!"

Akaondoka.

Iweke pembeni. Nimekaa na maneno hayo mpaka kahawa ikapoa. Wiki nne za kazi. Ngozi ya vidole imetoka, mgongo hauinuki, na mtu anachungulia, anacheka, anasema weka pembeni, yaani achana nayo, hii si kazi yako. Na "utaona." Nitaona nini? Nitaona wewe ukichukua nafasi yangu kwa Mwalimu? Angalau angesema kwa upole. Angalau asingecheka! Mtu akikuambia kazi yako ni mbaya unaweza kumjibu. Lakini huyu alianza kwa kuisifu, akakuta nimefungua moyo, ndipo akachoma.

Mama Sandra ameniuliza kuna nini. Nimesema tumbo.

Sawa, nitaandika. Nina wivu. Nina wivu na sikio lake, na Kiswahili chake, na magoti yake yasiyoogopa kuchafuka. Nina wivu hata na kicheko chake.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama Acen alikuja kuchukua maji ya kunawa. Akaangalia nguzo ambako jeneza lilikuwa limeegemea.

"Egesa, ile kitu ya kutisha umepeleka wapi?"

Spika yangu ilikuwa nyuma yangu, imefunikwa gunia.

"Obbo alilichukua," nikasema.

"Obbo wa Petta? Ya kufanya nini, bambi, maskini?"

"Muulize mwenyewe. Si anatengeneza masanduku?"

Ni hayo tu. Mama Acen akaweka mkono mdomoni. Yeye analala Petta kila siku, na hana neno linalolala kwake.

Alhamisi, 1 Mei

Kimya. Labda amesahau.

Jumatatu, 5 Mei

Hajasahau. Mtu wa kwanza amevunja oda kwa Obbo. Amesema hawezi kuwasha redio kutoka kwenye jeneza, watoto wataota vibaya.

Alhamisi, 8 Mei

Wa pili na wa tatu. Nilifikiri nitafurahi. Nilifurahi kidogo asubuhi.

Jumatatu, 12 Mei

Obbo alikuja. Hakucheka leo. Alisimama kando ya nguzo, viatu vimejaa tope la Petta.

"Egesa, umesikia watu wanavyosema? Eti nilinunua jeneza kwako."

"Nimesikia."

"Mama Acen kachanganya maneno, simlaumu, mtu mzima yule. Lakini sasa hata wa nne kavunja. Naomba kitu kimoja tu. Jumapili baada ya ibada watu wakiwa pamoja, njoo useme. Wewe ndiye mwenye jeneza. Neno lako moja linatosha."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Nikasema, "Nitakuja, ndugu yangu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda. Nilimwambia Mama Sandra nina malaria, nikajifunika blanketi mchana kutwa, joto lote lile, nikasikiliza mvua. Watu wa Petta wakaona kiti changu kitupu. Kama kulikuwa na mtu aliyekuwa bado ana shaka, basi leo imekwisha.

Jumatano, 21 Mei

Mwalimu Apendi amepiga simu. "Egesa, leta ya kwako. Ya Obbo sitaisikiliza, mambo yamekuwa mengi."

Nimeshinda. Nimerudia neno hilo mara tatu hapa kibandani na halijanoga.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeipeleka Tororo leo.

Nyumba ya Mwalimu ni ndogo, sebule imejaa viti, kabati la kaseti, cherehani, na mashine ya kusagia njugu. Nikasimama na sanduku katikati kama mtu aliyebeba ng'ombe. Akanielekeza kwa mkongojo, "Hapo katikati nitapitia wapi? Sukuma kule kwenye kona, nyuma ya cherehani."

Nikasukuma. Akachagua kaseti. Alitaka sauti ya chini, masikio yake hayapendi kelele siku hizi. Nikawasha.

Besi ikaja.

Ilikuja kutoka kwenye kuta zenyewe. Wanaume wa mstari wa nyuma, wale wa sauti nzito, ambao kibandani kwangu hawakuwapo kabisa, walisimama wote pale sebuleni. Nikaangalia sanduku, nikaangalia ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, sakafu. Mdomo wa tarumbeta unatazama kwenye kona, na zile kuta mbili ndizo zinazoendelea kuupanua. Kuta ndizo zinazomalizia tarumbeta. Na kibanda changu hakina kuta, kina nguzo nne na mabati.

Pembeni. Obbo alisema pembeni. Sisi hapa tunasema kona, yeye karudi na Kiswahili cha pwani. Iweke kwenye pembe ya nyumba, utaona. Alipiga magoti kwenye vumbi langu, akasikiliza, akajua ugonjwa, akanipa dawa huku mvua inamlowesha. Na alicheka kwa sababu alifurahi! Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu.

Mwalimu alikuwa analia, polepole, bila kujificha. Alikuwa anataja majina ya waliokwisha kufa kadiri walivyokuwa wanaingia kwenye wimbo. Kaseti ilipofika mwisho akanishika kichwa kama mtoto.

"Egesa, mwanangu, mimi nilikukosea. Nilisema una mikono tu. Kumbe una sikio pia. Nisamehe."

Nimengoja neno hilo miaka thelathini na moja. Nilisema asante Mwalimu, nikatafuta kofia, nikatoka, na chakula alichopika sikukigusa.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda Petta. Obbo alikuwa anafunga mizigo, anarudi Mombasa. Aliponiona alisimama.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Nimesikia Mwalimu kachukua yako. Uliiweka pembeni?"

"Iko pembeni."

"Besi?"

"Imekuja yote."

Akatabasamu, Mungu wangu, akatabasamu kweli kweli, akanipiga bega. Hapo ndipo nikasema. Nilisema yote bila kupumua: jeneza, gunia, Mama Acen, malaria ya uongo. Nikasema jinsi nilivyolisikia neno lake. Nikamwambia mbao za jeneza ziko ndani ya spika yangu, kwa Mwalimu.

Obbo alikaa juu ya begi. Shangazi yake alikuwa anatwanga nje.

"Jumapili ile," akasema, "watu walisema umenikimbia. Mimi nikawaambia Egesa hawezi, lazima anaumwa. Nikagombana nao kwa ajili yako."

Akaokota shati sakafuni, akalikunja.

"Mimi nilitaka kukaa hapa. Nimechoka na watu wa mbali. Nyumba nne zilivunja oda, na zote ziko njia hii hii moja. Gari langu ni Jumapili ijayo asubuhi. Nenda ukawaambie. Wakinirudia, nitafungua mizigo. Msamaha tutazungumza baadaye."

Jumatatu, 2 Juni

Nilianzia kwa Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkongojo magotini.

"Mbao sina neno nazo," akasema. "Mimi mwenyewe nitalala humo karibuni. Spika iache. Lakini lile neno la juzi, la sikio, nirudishie. Mtu mwenye sikio angemsikia mwenzake."

Nikamrudishia.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua, daraja la kwenda Petta limefunikwa. Nimemwambia Mama Sandra. Hajanisemesha tangu asubuhi.

Jumamosi, 7 Juni

Leo daraja linapitika. Nimepita nyumba zote nne kwa miguu.

Nyumba ya kwanza baba mwenye nyumba alinisikiliza, akanipa kiti, akasema, "Obbo amekutuma?" Nikasema hapana, ni mimi niliyesema uongo. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumtetea rafiki ni vizuri."

Ya pili walicheka. Ya tatu mama mmoja aliniombea.

Ya nne ni kwa Mama Acen mwenyewe. Kumbe naye alikuwa ameagiza, ya kusikilizia redio jikoni. Nilimwambia taratibu, neno kwa neno. Mama, ile siku nilikudanganya. Obbo hakuchukua jeneza. Nililibomoa mimi.

"Aa, Egesa. Mimi nilisikia na masikio yangu. Ile siku ulisema kweli, haukuwa na wakati ya kufikiria. Leo umefikiria wiki mzima, ndio unaleta hii."

"Mama, mbao ziko Tororo, kwa Mwalimu Apendi! Nenda ukamuulize!"

"Sasa unataka kujibebesha dhambi ya mtu?" Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Mimi namwambia kila mtu: huyu Obbo hajui bahati yake. Wewe uko na roho mzuri sana. Rafiki kama wewe hakuna tena."

Nilirudia mara ya tatu. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Akaingia ndani akanitolea njugu kwenye mfuko, za kula njiani, kwa sababu nimetembea sana kwa ajili ya mwenzangu.

Obbo alikuwa ananingoja barabarani, chini ya mwavuli. Aliangalia mfuko, akaniangalia mimi.

"Wamesemaje?"

Nilimwambia ukweli. Nikasema, "Wamesema mimi ni rafiki wa kweli."

Akanitazama kidogo, kisha akarudi ndani kumalizia kufunga mizigo.